Msivibebeshe vifuu gharama ya nazi nzima

Ndugu Mhariri, assalaam alaykum.

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, mana kuna jambo nnaliona linaumiza watu na hakuna anaelisema, kila mtu anaona hayo mambo ya hesabu waachiwe wahasibu. Mie kazi yangu ni hizo hizo hesabu, nnasaidia vikundi vya uzalishaji huku Pemba kuandika madaftari yao, vya mwani, vya sabuni, vya asali na khasa vya nazi. Sasa kuna kikundi cha kinamama wa mafuta ya nazi kimeambiwa kiache kuchoma makaa ya vifuu (magamba magumu ya nazi) kwa sababu eti makaa yanawatia hasara, na kimeacha, na mimi nnasema hasara hiyo haipo, haijawahi kuwepo, imetoka kwenye karatasi tu kwa namna gharama zilivogawiwa. Na nnajua si kikundi hicho peke yake kitakachopewa karatasi kama ile, ndo mana naandika gazetini nisiishie kusema barazani.

Nianze na mambo yenyewe yalivo. Ukinunua nazi unanunua nazi nzima, huwezi kumwambia mwenye shamba nikatie mafuta tu. Unamlipa mwenye mnazi, unamlipa mkwezi, unalipa gari la ng'ombe la kubebea, unamlipa mfuaji anaesimama kwenye kifuo kutwa nzima, halafu zinavunjwa. Zikishavunjwa ndo unakuwa na vitu vitatu mkononi, makumbi (maganda ya nje yenye nyuzi), vifuu na nyama ya nazi (na maji, ambayo wengi wetu bado tunayamwaga). Pesa yote iliyotoka mpaka hapo ni ya vitu vyote vitatu kwa pamoja, hakuna mtu duniani anaeweza kukuonesha shilingi hii ilikuwa ya kifuu na hii ya kumbi. Baada ya hapo ndo kila kimoja kinashika njia yake, nyama inakunwa na kukamuliwa, vifuu vinakwenda kwenye pipa la kuchomea, makumbi wanayachukua wanaoyafukia pwani mpaka yalainike wapate usumba wa kusokotea kamba. Na gharama za huko mbele kila mmoja anazijua zake, hazina ugomvi. Ugomvi wote uko kwenye ile pesa ya mwanzo, ya pamoja, tuigawe vipi.

Yule mtaalamu alieletwa kuwafundisha aliigawa kwa uzito. Kilo kwa kilo. Inaonekana ni haki kabisa, mizani haina upendeleo, na kinamama wenyewe waliikubali mara moja kwa sababu kila mtu anaelewa kilo. Hebu nitie tarakimu za mfano ili wasomaji waone inavokwenda, si za kikundi chenyewe, nimezichagua ziwe nyepesi kuhesabu tu. Tuseme nazi 1,000, kila moja kilo moja na robo kasoro kidogo, jumla kilo 1,200. Kwenye nazi iliyokomaa kumbi huwa kama asilimia 35 ya uzito, kifuu asilimia 12, nyama asilimia 28 na maji asilimia 25. Kwa hiyo toa maji, unabaki na kilo 420 za makumbi, kilo 144 za vifuu na kilo 336 za nyama, jumla kilo 900. Na tuseme pesa yote iliyotumika mpaka kuvunja ni shilingi 900,000. Hapo kila kilo inabeba shilingi 1,000, makumbi 420,000, vifuu 144,000, nyama 336,000.

Sasa uza. Nyama imetoa mafuta ya shilingi 1,400,000, na kukuna, kukamua, kuchemsha na chupa zimekula 275,000. Vifuu vimetoa makaa ya 100,000, na kuchoma na mifuko 35,000. Makumbi yameuzwa vivi hivi 60,000. Ukiandika kwa ile karatasi ya kilo, mafuta yana faida ya 789,000, makaa yana hasara ya 79,000, na makumbi yana hasara ya 360,000. Hasara za namna hii ndo zilizoandikwa kwa wino mwekundu ubaoni, kwa tarakimu zao wenyewe, na mtaalamu akashauri "bidhaa zinazotia hasara" zisimamishwe kwanza, waanze na makaa.

Mimi nilikuwepo siku hiyo, nimekaa nyuma. Bi mkubwa mmoja, yeye ndo anaesimamia pipa la makaa, mikono yake bado nyeusi mana alitoka kwenye pipa akaja kikaoni, aliuliza suali moja tu, "Mwalimu, tukiacha makaa kwani nazi watatuuzia bei rahisi?" Mwalimu akamjibu kwamba hilo ni suala jengine, tutalizungumza baadae, na halikuzungumzwa. Wallahi Mhariri, kwenye kikao kile hakuna aliesema neno la kihasibu kuliko lile. Somo lote limo ndani yake. Nazi itanunuliwa kwa bei ile ile, mkwezi atalipwa kile kile, mfuaji kile kile, na vifuu vitatoka tu, utake usitake, huwezi kuvunja nazi ikakosa kifuu. Ile 144,000 ya mfano wetu iliyoandikiwa vifuu haiondoki ukiacha makaa, inahama tu safu.

Hebu tuifuate ile karatasi mpaka mwisho wake tuone inatufikisha wapi. Kabla ya kuacha chochote faida ya nazi nzima ni 350,000 (chukua mauzo yote 1,560,000, toa 900,000 ya pamoja, toa 275,000 na 35,000). Acha makaa, vifuu tupa. Faida inashuka mpaka 285,000, na gharama ya pamoja sasa inagawiwa kwa kilo 756 zilizobaki, mafuta yanabeba 400,000 na makumbi yanabeba 500,000. Makumbi ambayo jana yalikuwa na hasara ya 360,000 leo yana hasara ya 440,000 na wala hakuna kilichobadilika kwenye makumbi, ni yale yale, bei ile ile. Basi acha na makumbi. Faida imekuwa 225,000, na 900,000 yote imekaa juu ya mafuta. Kila hatua karatasi ilisema unaondoa hasara, na kila hatua mfuko wa kikundi umepungua. Hesabu inayokupeleka huko haifai kuamulia kitu, hata ikiwa kila jumlisho lake liko sahihi.

Kwa maamuzi ya aina hii gharama ya pamoja unaiacha kando kabisa, unaangalia kinachobadilika tu. Vifuu vikiuzwa vivi hivi, mana wako wanaovinunua kupikia, tuseme vinapata 40,000. Vikichomwa vinapata 100,000 na vinakula 35,000. Nyongeza ya mapato ni 60,000, nyongeza ya gharama ni 35,000, kwa hiyo kuchoma kunaongeza 25,000 kwenye mfuko. Imekwisha. Hujataja 900,000 popote na huna haja ya kuitaja. Na siku bei ya makaa ikianguka hadi nyongeza ya mapato ikawa ndogo kuliko 35,000, siku hiyo ndo uache kuchoma, uuze vifuu vivi hivi. Hilo bi mkubwa anaweza kulifanya kichwani bila kalamu, na nahisi alikuwa keshalifanya kabla ya kuuliza.

Wako watakaoniuliza, sasa gharama za pamoja zisigawiwe kabisa? La, lazima zigawiwe, kwa kazi nyengine. Mwisho wa mwaka kikundi kina chupa za mafuta hazijauzwa na mifuko ya makaa iko stoo, lazima ijulikane ile bidhaa iliyobaki imegharimu kiasi gani, vyenginevo faida ya mwaka haitoki sawa, na mkopeshaji akija kuangalia hesabu ataona vitu havieleweki. Kiwango cha kimataifa cha hesabu za bidhaa, IAS 2, kifungu cha 14, kinaruhusu kugawa kwa njia yoyote yenye mantiki na isiyobadilikabadilika, na mfano kinachoutoa chenyewe ni kugawa kwa thamani ya mauzo ya kila bidhaa, ama pale zinapoachana ama zikishakamilika. Kile kiwango cha kimataifa cha biashara ndogo na za kati (IFRS for SMEs) nacho, sehemu ya 13, kinasema hivo hivo. Kwa hiyo nnachokisema hapa sikukitunga, vijana wanaofanya mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu ya Tanzania, wanakisoma kila mwaka.

Kwa nazi zetu mimi nnaona njia iliyo sawa ni hii. Kwa sababu nyama ya nazi iliyovunjwa tu haina soko la kueleweka pale pale inapovunjwa, unachukua bei ya mwisho ya kila bidhaa unatoa gharama zake za njiani. Mafuta 1,400,000 toa 275,000, inabaki 1,125,000. Makaa 100,000 toa 35,000, inabaki 65,000. Makumbi 60,000, hayana gharama ya mbele. Jumla 1,250,000. Mafuta ni asilimia 90 ya hiyo, basi yabebe asilimia 90 ya gharama, yaani 810,000, makaa yabebe 46,800 na makumbi 43,200. Ukipiga faida sasa, mafuta 315,000, makaa 18,200, makumbi 16,800, na jumla yake ni ile ile 350,000. Hakuna aliye na hasara, na hapana hata shilingi moja mpya iliyoingia wala kutoka, nazi ni zile zile. Tafauti ni kwamba gharama sasa inamfuata anaeleta pesa. Nazi tunanunua kwa sababu ya mafuta, kila mtu kwenye kikundi anajua, sasa vipi kumbi libebe gharama kubwa kuliko mafuta kwa sababu tu ni zito?

Mchinjaji wa ng'ombe hafanyi hivo. Akinunua ng'ombe hakai akasema kilo ya kwato imenigharimu sawa na kilo ya steki, angelala njaa. Na mkulima wa karafuu wa Wete au Mkoani hafanyi hivo pia. Angalia karafuu zetu, unalipa wachumaji kwa pishi, mkungu unashuka na karafuu na konyo lake (kijiti kinachoishika) pamoja, halafu usiku watu wanakaa kuchambua, karafuu upande huu makonyo upande ule. Mpaka pale kwenye kuchambua gharama yote ni ya pamoja. Lakini sijaona mkulima aliewahi kugawa ujira wa kuchuma kwa uzito baina ya karafuu na makonyo, karafuu ndo inayobeba, na pesa ya makonyo inaingia kama ziada ya kupunguza mzigo. Na hiyo ni njia halali kabisa kwenye uhasibu, kitu kidogo kinachotoka pembeni mwa kikubwa unakipa thamani ya bei yake halafu unaitoa kwenye gharama ya kile kikubwa. Kwa chicha (machujo ya nazi iliyokwisha kukamuliwa) ningefanya vivo hivo, ikiuzwa 20,000 kwa wafuga kuku basi gharama ya mafuta inapungua 20,000, hakuna haja ya kuifungulia safu yake.

Ila hapo kuna angalizo, na hili nnataka vikundi vilisikie vizuri, kitu kidogo cha leo kinaweza kuwa kikubwa kesho. Makonyo yenyewe yanakamuliwa mafuta pale Wawi, na ukiwa wewe ndie mwenye mtambo wa kukamua basi makonyo ndo malighafi yako, huwezi kuyaita ziada. Huko Marekani karne ya 19 waliokuwa wanasafisha mafuta walikuwa wanatafuta mafuta ya taa, petroli ilikuwa ndo kitu cha pembeni, nyengine ikimwagwa, mpaka magari yalipokuja mambo yakageuka. Kwa hiyo msiandike kwenye katiba ya kikundi kwamba vifuu ni takataka milele. Angalieni bei kila baada ya muda, makaa yakianza kuleta pesa ya maana yapeni nafasi yao kwenye hesabu, lakini msibadilishe njia kila mwezi kwa kufuata upepo, mana hapo hamtaweza kulinganisha mwaka na mwaka. Bei za soko zinayumba, kweli, ndo mana nashauri mtumie bei ya wastani ya msimu, si bei ya siku moja ya gulio.

Kilo nazo zina mahali pake, sitaki kuzionea. Kama bidhaa zinazotoka pamoja zina bei zinazokaribiana kwa kilo, basi gawa kwa kilo, utapata jawabu linalokaribiana na la bei na hutasumbuka kutafuta bei. Lakini lita moja ya mafuta na kilo moja ya kumbi havikaribiani hata kidogo.

Jengine nimelisikia kwenye kikao hicho hicho, kwamba kila bidhaa iuzwe kwa gharama yake iliyogawiwa pamoja na faida asilimia fulani juu yake. Hapana jamani. Ukigawa kwa kilo ukafuata hilo basi makumbi yauzwe zaidi ya 420,000 wakati soko linatoa 60,000, yatakuozea. Na ukigawa kwa bei, gharama yenyewe umeitoa kwenye bei, halafu unarudi kuitumia kupanga bei, unazunguka duara. Bei ya makaa ipangwe kwa kuangalia makaa mengine yanauzwaje na kuhakikisha ile 35,000 inarudi na ziada juu yake, na nazi nzima kwa jumla iwe inalipa ile 900,000. Basi.

Nije kwenye lililonifanya niandike hasa. Kikundi hichi kina utaratibu kwamba kila kitengo kinapata mgao kutokana na faida ya bidhaa yake. Wanaochoma makaa ni wanawake wanne, wawili kati yao ni wasichana waliomaliza skuli hawana kazi nyengine, na kwa ile karatasi walionekana wanakula faida ya wenzao wa mafuta. Maneno yalisemwa. Waliambiwa mgao hawana, na msimu ule walitoka mikono mitupu na moshi wote walioumeza, wakati kazi yao iliuongezea mfuko wa kikundi pesa halisi. Hilo halivumiliki. Mtu mzima ananyimwa haki yake kwa sababu mtu mwengine amechagua safu ya kilo badala ya safu ya bei.

Na mimi ningeenda mbele zaidi, mgao wa watu usitegemee kabisa gharama za pamoja zilivogawiwa, hata kwa ile njia ya bei ambayo nnaitetea hapa. Njia zote hizo ni makubaliano ya kuandikia daftari, hakuna moja inayokwambia kifuu "kweli" kimegharimu kiasi gani. Watu walipwe kwa siku za kazi walizofanya, halafu faida ya nazi nzima igawiwe kwa kiwango wanachama walichokubaliana mkutanoni kabla ya msimu kuanza, na wale wa makaa waoneshwe pembeni ile nyongeza ya 25,000 au itakayokuwa, ili kila mtu ajue mchango wao.

Ombi langu kwa wanaoendesha mafunzo ya vikundi, wa serikali na wa miradi, ni dogo. Kwenye fomu mnazogawa iondoeni ile safu ya faida na hasara ya kila bidhaa inayogawiwa kwa kilo. Wekeni mstari mmoja wa faida ya nazi nzima, na chini yake kwa kila bidhaa wekeni mapato ukiiendeleza, mapato ukiiuza vivi hivi, na gharama ya kuiendeleza. Ukurasa mmoja unatosha. Mimi nshawatengenezea kinamama hawa wa kwao, tumeujaza pamoja kwa tarakimu za msimu uliopita, na kamati imekubali kuujadili kwenye mkutano ujao. Pipa liko, halijauzwa, na vifuu vimerundikana nyuma ya banda vinasubiri uamuzi.

Wako,
Mtunza hesabu za vikundi,
Wete, Pemba